Ugonjwa usio na tiba nao upimwe

Agosti 1945, mabomu mawili ya atomiki yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki, miongoni mwa walionusurika walikuwamo kina mama wajawazito. Watoto waliowazaa walifuatiliwa kwa miongo kadhaa na madaktari wa Japani na Marekani, wakipimwa ukubwa wa vichwa, afya ya mwili na uwezo wa kujifunza. Mwaka 1984, Masanori Otake na William Schull walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Kati ya watoto wapatao 1,600, kulikuwa na 30 wenye ulemavu mkubwa wa akili, wengi wao wakiwa na vichwa vidogo kuliko kawaida. Umri wa mimba siku ya mlipuko ndio uliowashtua wasomaji wa takwimu hizo. Hatari ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa waliokuwa na wiki 8 hadi 15 tumboni, ikapungua kwa waliokuwa na wiki 16 hadi 25. Kwa waliokuwa chini ya wiki 8, au waliopita wiki 25, hakukuonekana ongezeko lolote.

Wiki hizo 8 hadi 15 ndizo za kujenga gamba la ubongo. Seli zilizojipanga kandokando ya matundu ya ndani ya ubongo hugawanyika kwa kasi ambayo mwili hautairudia tena maishani, na kila mgawanyiko unalazimu DNA yote inakiliwe upya: herufi takriban bilioni 3 za urithi wa mama na nyingine kiasi hicho za baba. Nyuroni (seli za neva) zinazozaliwa hapo huacha kugawanyika, hutambaa kuelekea juu, kisha hujipanga tabaka juu ya tabaka. Mtu mzima ana nyuroni kama bilioni 86 katika ubongo mzima, na zile za gamba la ubongo karibu zote alizaliwa nazo.

Tena hazibadilishwi. Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya ajabu huko Sweden, katika Taasisi ya Karolinska. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani hadi mwaka 1963 yalijaza hewa kaboni-14, na kaboni hiyo ikaingia katika mimea, katika chakula, na hatimaye katika DNA ya kila seli iliyozaliwa miaka hiyo. Jonas Frisén na wenzake waliitumia kama muhuri wa tarehe. Mwaka 2006 walionyesha kuwa nyuroni za gamba la ubongo zina umri sawa na mwenyewe. Seli za ngozi na za utumbo hufa na kuzaliwa upya kila mara, lakini nyuroni ya mzee wa miaka 80 inatumia DNA ileile iliyonakiliwa tumboni mwa mama yake.

DNA yenyewe ni dhaifu kuliko watu wengi wanavyodhani. Tomas Lindahl, mwanakemia mzaliwa wa Sweden, alikadiria kuwa hata katika seli yenye afya, ambayo haijaguswa na mionzi wala sumu, maelfu ya herufi hung'oka kila siku kwa sababu tu DNA imo ndani ya maji na joto la mwili. Oksijeni tunayoivuta nayo huiharibu. Kinachotuweka hai ni kwamba uharibifu huo unakarabatiwa karibu wote, saa baada ya saa, na protini zilizobobea katika kazi hiyo moja. Mwaka 2015 Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kueleza namna ukarabati huo unavyofanyika.

Elimu hii inamhusu moja kwa moja mzazi wa Tanga, Kisumu au Bukavu mwenye mtoto aliyezaliwa na kichwa kidogo, au mtoto aliyetembea vizuri kisha akaanza kuyumba. Mzazi wa namna hiyo akizunguka hospitali, mara nyingi huishia kwenye jibu moja: ugonjwa wa kurithi, hauna tiba, kwa hiyo hakuna haja ya kuupima. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo inaweza kuwa kweli. Hitimisho lake ni la hatari, na sayansi ya ukarabati wa DNA inaonyesha ni kwa nini.

Uharibifu mbaya kuliko wote ni nyuzi zote mbili za DNA kukatika mahali pamoja. Seli ina njia kuu mbili za kuziunga. Ya kwanza hutumia nakala pacha iliyo kando yake kama kielelezo, na hurudisha kila herufi mahali pake. Lakini nakala hiyo ipo tu wakati seli inajiandaa kugawanyika. Ya pili haisubiri kielelezo: inazikamata ncha mbili na kuziunga palepale, kama baharia aliyekatikiwa na kamba ya tanga katikati ya upepo. Nyuroni iliyokwisha kuzaliwa haigawanyiki tena, kwa hiyo huitegemea njia hiyo ya pili.

Mwaka 1998, maabara ya Frederick Alt huko Boston ilizalisha panya waliokosa protini mojawapo kati ya mbili zinazofanya kazi hiyo ya kuunga ncha: XRCC4 na ligesi ya IV. Panya hao walikufa kabla ya kuzaliwa. Watafiti walitarajia matatizo ya kinga, kwa kuwa seli za kinga hukata na kuunga DNA zao kwa makusudi, na matatizo hayo waliyaona. Ambacho wengi hawakukitarajia ni ubongo. Nyuroni changa zilikuwa zimekufa kwa wingi, tena mara tu zilipoacha kugawanyika. Hakuna aliyekuwa amewapiga panya hao mionzi. Kumbe ujenzi wa kawaida wa ubongo, bila bomu wala sumu, unakata DNA kiasi cha kuua ikiwa hakuna wa kuunga.

Miaka miwili baadaye maabara hiyo ilirudi na jibu la swali lililobaki: nani aliyeziua nyuroni hizo? Panya wa aina hiyohiyo walipoondolewa pia protini iitwayo p53, ambayo huamuru seli iliyoharibika ijiue, nyuroni zilipona na panya wakazaliwa. Uharibifu ulikuwapo palepale. Kilichoondoka ni amri ya kufa. Lakini panya hao hawakuishi muda mrefu. Walikufa kwa saratani ya seli za kinga. Jaribio hili linastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa baiolojia wa sekondari, kwa sababu linaonyesha gharama ambayo mwili huilipa tangu tumboni: nyuroni yenye DNA iliyokatika hutolewa mhanga, kichwa kikawa kidogo, ili seli mbovu isije ikaendelea kuishi.

Binadamu pia wapo wenye kasoro hiyo. Asiye na ligesi ya IV kabisa hazaliwi, ila wapo waliozaliwa na ligesi dhaifu: vichwa vyao huwa vidogo na kinga zao hafifu. Mmoja wa waliofungua macho ya madaktari alikuwa kijana wa Uingereza aliyeugua leukemia. Hakuna aliyejua kuwa ana kasoro yoyote ya kurithi. Alipewa tiba ya mionzi ya kawaida, mwili wake ukashindwa kuihimili, akafa. Kasoro ya ligesi ilitambuliwa katika seli zake mwaka 1999, muda mrefu baada ya yeye kuzikwa.

Kisa cha namna hiyo ndicho kinachoupa uzito ugonjwa uitwao ataksia telanjektasia, ambao katika magonjwa yote ya ukarabati wa DNA ndio unaofaa kujulikana zaidi katika kliniki zetu. Mtoto huzaliwa akiwa mzima kwa kila anayemtazama. Huanza kutembea kwa wakati wake. Kisha, kabla ya kwenda shule, hatua zake huyumba, maneno yake huanza kuburura, macho hushindwa kufuata kitu kwa utulivu. Miaka michache baadaye vishipa vyekundu hujitokeza kwenye weupe wa macho. Wengi huhitaji kiti cha magurudumu wakikaribia miaka 10. Seli zinazopotea hasa ni seli za Purkinje, zilizo katika ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo.

Jeni yenye kasoro, ATM, ilitambuliwa mwaka 1995 na timu ya Yosef Shiloh wa Tel Aviv. Protini yake ndiyo inayopiga mbiu DNA inapokatika: huita wakarabati, husimamisha mgawanyiko, na katika ubongo unaojengwa huamuru nyuroni iliyoharibika ife. Peter McKinnon na wenzake, wakiwa hospitali ya St. Jude mjini Memphis, waliwapiga mionzi panya wachanga wasio na ATM mwaka 1998, wakaona nyuroni ambazo kwa kawaida zingejiua zinabaki hai. Kutokana na hilo walipendekeza kwamba katika mtoto mwenye ugonjwa huu, nyuroni mbovu zilizopaswa kuondolewa tumboni huvuka hadi utotoni, zikaanza kufa baadaye, wakati hakuna tena za kuziba pengo. Ni dhana inayoeleza vizuri kwa nini mtoto anazaliwa akionekana mzima, ingawa mjadala wa wataalamu kuhusu kinachoua seli za Purkinje bado unaendelea.

Wagonjwa hawa hupata saratani za damu na za tezi mara nyingi sana kuliko watoto wengine. Hapo ndipo mtego ulipo. Katika miaka ya 1960 watoto wenye ugonjwa huu walipewa tiba ya mionzi kwa kipimo cha kawaida, na tiba ikawaunguza na kuwaua. Mwaka 1975, Malcolm Taylor na wenzake wa Uingereza walionyesha katika maabara kwamba seli za wagonjwa hao hufa kwa mionzi midogo ambayo seli za watu wengine huivumilia. Daktari anayejua kuwa mtoto ana ataksia telanjektasia hubadilisha mpango mzima wa tiba ya saratani. Asiyejua hawezi kubadilisha kitu.

Miaka 30 iliyopita hoja hii ingekuwa ya mbali kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa mashine za tiba ya mionzi zilikuwa chache mno. Leo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago zinatibu kwa mionzi, na vituo vinaongezeka. Ni hatua ya kushangilia. Lakini kila mashine mpya inapofungwa, swali la mtoto anayeyumba linakuwa la haraka zaidi kuliko jana.

Na kuna kipimo kisichohitaji maabara ya jeni. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye ataksia telanjektasia wana kiwango kikubwa cha protini iitwayo AFP katika damu, na kiwango hicho hakishuki kufikia umri wa miaka 2 kama kinavyoshuka kwa watoto wengine. AFP ni kipimo kilekile ambacho hospitali zetu kubwa hukitumia kuchunguza saratani ya ini kwa watu wazima. Kinachokosekana ni mtu wa kukiagiza kwa mtoto anayeyumba.

Jibu la kipimo hicho halimhusu mtoto peke yake. Ugonjwa huu humpata aliyerithi nakala mbovu ya jeni ya ATM kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wenyewe, wenye nakala moja nzima, hawaumwi. Hata hivyo mwanamke mwenye nakala moja mbovu ya ATM ana hatari ya saratani ya matiti inayokaribia mara mbili ya wanawake wengine. Kwa hiyo mama, shangazi na dada wa mtoto huyo wana sababu ya kuchunguzwa matiti mapema. Familia iliyoambiwa kwamba hakuna haja ya kupima imenyimwa habari hiyo pia.

Mfano wa pili wa magonjwa ya ukarabati wa DNA uko karibu nasi, katika kisiwa cha Mayotte kwenye visiwa vya Komoro, ambako watu husema lugha ndugu ya Kiswahili na wana udugu wa damu na pwani yetu. Mwaka 2011 watafiti wa Kifaransa walieleza kwamba huko, mtu mmoja kati ya watu 5,000 hivi ana kseroderma pigmentosa, ugonjwa ambao jua huichoma ngozi, huyaumiza macho na kuleta saratani za ngozi utotoni. Wakati huo walisema ni kiwango kikubwa kuliko kilichowahi kuripotiwa popote. Huko Ulaya Magharibi wagonjwa hawa ni wachache kwa kila watu milioni moja. Wagonjwa wa Mayotte wana kasoro moja katika jeni ya XPC, waliyoirithi kwa wahenga wao.

Ugonjwa wenye jina hilohilo ni wa kawaida pia nchini Japani, lakini huko jeni yenye kasoro kwa wagonjwa wengi ni XPA. Tofauti ya herufi hiyo moja ina maana kubwa. Watoto wa Japani wenye kasoro ya XPA, mbali na ngozi, hupoteza uwezo wa kusikia, wa kutembea na wa kumeza, kadiri nyuroni zao zinavyokufa. Wale wa kasoro ya XPC kwa kawaida ubongo wao hubaki salama. Sababu ni kwamba protini ya XPC hukagua DNA yote, iwe inatumika au haitumiki, huku jeni zinazosomwa wakati huo zikiwa na wakaguzi wao wengine. XPA inahitajika kwa kazi zote mbili. Nyuroni inaweza kuvumilia uchafu kwenye kurasa isizozifungua. Isichoweza kuvumilia ni uharibifu ndani ya jeni inayozisoma kila siku.

Wakaguzi hao wa jeni zinazosomwa wakikosekana wenyewe, ugonjwa unakuwa wa sura nyingine kabisa. Unaitwa Cockayne, kwa jina la Edward Cockayne, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1936. Watoto hawa jua huwachoma lakini hawapati saratani ya ngozi. Mwili hudumaa, kichwa huacha kukua, macho huingia ndani, na sura huzeeka kabla ya wakati. Na hapa pia utambuzi unaokoa. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba watoto wenye Cockayne waliopewa metronidazo waliharibikiwa ini ghafla, na baadhi yao wakafariki. Metronidazo ni ile Flagyl inayouzwa katika duka la dawa la kila mtaa kuanzia Mombasa hadi Kigoma, na ambayo mtoto akiharisha hupewa bila mtu kufikiri mara mbili. Hakuna teknolojia inayohitajika kuiepuka. Yanahitajika maandishi mekundu kwenye jalada la mtoto, na maandishi hayo hayawezi kuandikwa kama ugonjwa haujapewa jina.

Wanaopinga upimaji wana hoja ya kweli: fedha ni chache, na malaria, nimonia na utapiamlo vinaua wengi zaidi. Hoja hiyo ilitumika pia kuhusu selimundu. Ilidaiwa kuwa ni ugonjwa wa kurithi usio na dawa, basi kupima watoto wachanga ni kupoteza pesa. Leo inajulikana kuwa mtoto wa selimundu akitambuliwa mapema, akapewa penisilini, chanjo na baadaye hidroksiurea, anaishi. Na wataalamu wa Muhimbili wamekuwa mstari wa mbele kulionyesha hilo. Magonjwa ya ukarabati wa DNA ni adimu kuliko selimundu, kwa hiyo hakuna anayedai kila mtoto apimwe. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: mtoto mwenye dalili asirudishwe nyumbani bila jina la ugonjwa wake.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto wa kseroderma pigmentosa anahitaji mafuta ya aina hiyo, pamoja na nguo ndefu, kofia pana na miwani, tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wauguzi wanaokwenda vijijini kuhudumia watu wenye ualbino wafundishwe kumtambua mtoto ambaye mabaka meusi yametapakaa usoni kabla hajatimiza miaka miwili. Ni safari ileile, katika gari lilelile.

Kuhusu wajawazito, somo la Hiroshima lisitumiwe kutisha watu. Kamisheni ya kimataifa ya kinga ya mionzi inasema madhara ya ubongo hayatarajiwi kijusi kikipata chini ya miligrei 100 za mionzi, na eksirei ya kifua cha mama humfikishia mtoto chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Mama mwenye dalili za kifua kikuu apigwe picha yake. Wajibu wa chumba cha eksirei ni kumuuliza kila mwanamke kama ana mimba na ya wiki ngapi, na kuwa mwangalifu zaidi pale mionzi inapoelekezwa tumboni au kwenye nyonga. Na wajibu wa mtaalamu wa tiba ya mionzi ni kuuliza, kabla ya kumtibu mtoto yeyote: je, anatembea sawasawa, kichwa chake kimekua kama cha wenzake, na kuna ndugu yake aliyekuwa na hali kama hii?

Mzazi ambaye mtoto wake alitembea kisha akaanza kuyumba, au anayeungua kwa jua la dakika chache, au ambaye kichwa chake hakikui, asikubali jibu la kwamba hakuna haja ya kupima. Amwombe daktari rufaa ya hospitali ya mkoa au ya taifa, na kipimo cha AFP ikiwa mtoto anayumba. Na wizara za afya za Dodoma, Nairobi na Kampala ziiweke ataksia telanjektasia katika orodha ya mambo ya kuchunguzwa kabla mtoto hajalazwa chini ya mashine ya mionzi.